King'ora Kilicholia Ukweni

Ireri alikuwa amejisifu mapema mno. Njia nzima kutoka Embu mpaka Gakindu alimwambia mkewe, Shiku, kwamba gari lao, pamoja na ukongwe wake wote, limepona: swichi ya boneti iliyoshika kutu ameibadilisha kwa mikono yake mwenyewe, na king'ora hakitapiga tena kelele za bure. Walipofika ukweni wakasalimiana, wakanawa mikono, naye akalifunga gari kwa rimoti akiwa mlangoni. Chai haijapoa, gari likaanza kupiga mayowe uani.

Ungekuwa wewe ungetamani ardhi ikumeze. Miaka mitatu ya ndoa, na Watiri, mama yake Shiku, hajawahi kumwita mkwewe kwa jina. Alimwita mgeni. Huko Gakindu mgeni haondoki mikono mitupu, lakini kila walipoaga, Watiri alimkabidhi bintiye ndizi na viazi akisema, "Hii ni yako, Shiku." Mgeni aliambulia kupungiwa mkono. Ireri hakuwa na njaa ya ndizi. Alitaka kuwa mtoto wa nyumba ile, na kukosa hilo kulimuuma kuliko alivyokubali.

Ireri akakizima king'ora. Alipoketi tu, kikalia tena. Akatoka na bisibisi. Akafungua boneti, akaipangusa swichi, ilikuwa kavu. Akabonyeza vitufe vya milangoni kimoja kimoja, vyote vizima. Akainama chini ya usukani, kwenye kile kidude kinachohisi mtikisiko, akakipunguza makali. Akafunga gari. Kimya. Akahesabu hadi ishirini, akaanza kutabasamu. Gari likalia.

"Ati ulisema imepona?" Shiku akamtania kutoka mlangoni.

Watiri alikuwa nyuma ya bintiye, leso mdomoni, macho chini. Ireri alijua ameaibika vya kutosha. Akasema atachomoa waya zote, king'ora kife kabisa.

"Wacha waya," Watiri akasema polepole. "Angalia huko nyuma."

Akafungua buti. Chini ya gunia, kando ya mkungu wa ndizi, kuku mwekundu aliyefungwa miguu alimkazia macho kwa hasira, kisha akapigapiga mabawa mpaka gunia likaanguka.

"Niliweka mkinawa mikono, kabla ufunge gari," Watiri akasema. "Niliona aibu kukupatia hivi, uso kwa uso. Nikaogopa utakataa, vile nimekunyima miaka hizo zote."

Ireri akashika jibu la karibu. "Asante, Mama. Shiku atafurahi sana."

"Hiyo kuku si ya Shiku. Ni yako, Ireri."

Jina lake! Machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha.

Jioni walipoaga, aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo. Karatina wakasimama kununua mkate, na Shiku akamkumbusha kuwasha king'ora.

"Wacha," Ireri akanong'ona, akiurudisha mlango polepole. "Kuku yangu imelala."