Picha Iliyokatika Asubuhi za Umande

Mahindi ya Wakio yalikuwa yamebakisha majuma mawili yavunwe, na ndovu walikuwa wameanza kuteremka hadi kijiji cha Rukanga. Mwaka jana walimmalizia shamba lote, wala hakubakiziwa bua. Mwaka huu kulikuwa na fensi ya stima, na Wakio aliitaja kwa shukrani katika kila sala. Lakini alikuwa mtu wa kutazama. Alipoona nyayo za ndovu ndani ya fensi, upande wa jirani, alimwendea Mwangangi, aliyeajiriwa na wanakijiji kuitunza.

"Mama Noah, taa ya mashine ya fensi inawaka," Mwangangi akamwambia. "Na inalia tak, tak. Wataka nini tena, iimbe?"

Wakio akarudi nyumbani. Mtu akishakuonyesha taa inayowaka, utabishana naye nini.

Huko nyumbani televisheni nayo ilikuwa imeanza matata. Noah, mwanawe aliye Mombasa, alikuwa amemnunulia ili aone ibada ya asubuhi. Sasa mhubiri akifungua kinywa, uso wake unapasuka vipande vya mraba na neno linamezwa. Jirani alimshauri aweke busta ya kukuza mawimbi. Akaiweka, mambo yakawa mabaya zaidi. Ndipo alipompigia Fuad, fundi wa Voi, kijana wa watu wa pwani. Fuad akafika kabla umande haujakauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa chai kwanza, televisheni haitoroki."

Fuad akanywa huku akibonyeza rimoti. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo.

"Tazama, mama. Huu wa juu ni nguvu ya mawimbi. Umejaa tele. Huu wa chini ni ubora, na ndio unaoanguka. Busta haichagui, inakuza picha na kelele pamoja."

Akaing'oa. Picha ikapata nafuu, haikupona. Akapanda juu ya paa akaigeuza antena, akabadilisha waya pia. Bado.

"Picha huja kwa vipande vidogo vidogo, dekoda ikavishona," akaeleza akishuka. "Vikipotea vichache inakisia, nawe hutambui. Vikipotea vingi inashindwa, ndiyo haya madirisha. Zile televisheni za zamani zingekuonyesha chengachenga, na bado ungemjua mhubiri."

"Sasa ni nani anayevipoteza?"

"Labda pikipiki. Labda mashine ya kusaga unga, ile posho mili."

"Si pikipiki," Wakio akasema. Siku tisa alikuwa ameikalia picha hiyo kama mtu anayechunga ng'ombe wa wenyewe. "Inakatika kwa kipimo. Nikisema 'Baba yetu uliye mbinguni', inakatika. 'Jina lako litukuzwe', inakatika. Haikosei. Jua likiwa kali inaacha kukatika kabisa. Asubuhi ya umande inarudi."

Fuad akaweka kikombe chini. Hakucheka, na Wakio alimpenda kwa hilo.

"Una redio, mama? Ile ya zamani?"

Wakio akaileta redio ya marehemu mumewe. Fuad akazungusha hadi mahali pasipo na stesheni. Tak. Tak. Tak.

"Hiyo ni fensi," Wakio akasema polepole.

"Fensi iliyo nzima hailii hivi ndani ya redio. Kuna mahali stima yake yaruka kuingia ardhini, na cheche zake zatupa kelele hewani. Nayo picha yafika huku imechoka kwa umbali, haiwezi kushindana nazo."

"Na stima ikiingia ardhini, mbele haifiki."

"Yafika kidogo. Ya kumtekenya ndovu."

Wakio hakumngoja anywe kikombe cha pili. Wakampitia Mwangangi, wakaifuata fensi watatu, Fuad mbele na redio begani.

"Nimeishi kuona fensi ikitafutwa na redio," Mwangangi akasema. "Kesho tutatafuta mbuzi kwa televisheni."

Wakio alikuwa anasikiliza. Kila walivyoteremka, mlio ulizidi, hata kwenye kona ya bondeni ukawa kama nyundo. Hapo tawi la mgunga lilikuwa limeangukia waya, limelowa umande, na cheche za samawati zilikuwa zikiruka juu yake. Kishikio cha plastiki kinachotenga waya na nguzo kilikuwa kimeyeyuka.

"Hapa nilipita Ijumaa," Mwangangi akasema, sauti imeshuka.

"Ulipita mchana, baba. Mchana tawi limekauka, halipitishi stima," Wakio akamwambia.

Mwangangi akaenda kuzima mashine. Akalikata tawi, akafunga kishikio kipya, akaiwasha. Redio ikanyamaza. Waliporudi nyumbani ibada ilikuwa imekwisha, lakini mtu wa tangazo la rangi za nyumba alionekana hadi vinyweleo vya pua.

Siku ya tatu alfajiri, Wakio alikuta nyayo za ndovu watatu nje ya fensi. Zilifika karibu na waya, zikazungukazunguka, zikaelekea nyikani. Ndani, mahindi yalikuwa yamesimama yote, bila bua lililoinama.

Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana shukrani, Wakio akasimama, akasema anamshukuru Mungu kwa picha mbovu. Kuna waliocheka. Akawangoja wamalize, kisha akaendelea, kwa kuwa alikuwa bado hajamtaja Fuad.