Futi Tatu kwa Sita

Mume wangu ni seremala, na mafundi wenzake humwita Bwana Vipimo. Hakosei hata kwa unywele. Ndiyo maana niliporudi nyumbani baada ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, nikakuta kitanda kipya cha futi tatu kwa sita kando ya chetu, sikuhitaji maelezo. Futi tatu ni mtu mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Ulale kwa nafasi, mama," alisema, akipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Nililala kwa nafasi miezi saba. Kitanda kizuri, kona zimepigwa msasa hadi zinateleza, nami nilikichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Huko chini nilikuwa nimekauka na kubana, naogopa maumivu, lakini nilichoogopa zaidi ni kwamba mume wangu ananionea kinyaa. Sikumuuliza. Mimi huyu, ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo!

Siku ya kliniki, nesi mmoja wa makamo akatuuliza, bila kupepesa macho, kama tumeshaanza kukutana kimwili. Nikaangalia viatu vyangu. Akaendelea tu kama mtu anayeelekeza njia: mionzi hukausha uke na kuubana, kuna kilainishi cha maji, kuna kifaa cha kuupanua taratibu, angetuonyesha. Tusiwe na haraka, ikiuma tuache. Na kukumbatiana hakusubiri dawa.

Bwana Vipimo akakohoa. "Sista, nikimgusa si nitauamsha ugonjwa?"

"Hapana, baba. Hauamshwi hivyo. Nani kakwambia?"

"Hakuna. Niliwaza mwenyewe."

Miezi saba! Nilitaka kumzaba kofi na kumbusu papo hapo. Badala yake nililia, na nesi akanisogezea tishu huku akiandika tarehe ya kurudi.

Tulifika nyumbani mchana. Hakuvua hata koti. Alichukua bisibisi, akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu za kile kitanda. Nikavua viatu, nikajilaza juu ya kitanda hicho.

"Toka basi, nikiondoe."

"Njoo ulale."

"Hapa? Hatutoshi. Hiki ni futi tatu."

"Vipimo navijua, baba. Njoo."

Akaiweka bisibisi sakafuni, akapanda taratibu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, akanikumbatia.