Mlio wa Cherehani ya Tatu

Katika chumba cha juu, walikoshona sare za shule, kulikuwa na cherehani nane za miguu, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Mmoja anashona mikono ya mashati, mwingine mifuko, mwingine matundu ya vifungo, na shati linapita mkono kwa mkono kutoka mlangoni mpaka meza ya pasi kama mtoto mchanga anayepokezanwa na shangazi zake. Cherehani ya tatu, iliyoegemea dirisha, ilikuwa ya kola. Mwenye kuikalia alikuwa ameshona kola miaka ishirini na sita, hata jina lake la kuzaliwa likapotea pale kazini, wakabaki kumwita Mama Kola.

Mama Kola alikuwa amechoka. Wala si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Huu ulimwingia magotini, ukapanda kiunoni, ukahamia na virago vyake vyote. Tangu amzike mumewe mwaka uliopita, kila asubuhi alisimama mara mbili ngazini, akijifanya anatafuta kitu mkobani, kumbe anatafuta pumzi. Jioni binti yake alimkanda miguu kwa maji ya moto na kumwomba aache kazi. Naye akamjibu kwamba ataacha oda iliyopo ikiisha. Lakini oda haziishi. Watoto wanazaliwa kila siku, na wote wana shingo.

Basi mwanzoni mwa mwezi akaja mpiga kinanda. Aliketi kwenye kona chini ya dirisha lao, juu ya kreti tupu la soda, na kodiani kifuani, kile kinanda cha kukunjua na kukunja. Washonaji walimpenda siku hiyohiyo, wakambandika jina la Mzee Kinanda. Miguu yao ikaanza kukanyaga pedali pamoja na muziki wake bila mtu kuamuru, chumba kizima kikaenda kwa mwendo mmoja, raha tupu. Ila mwendo wenyewe ulizidi kupoa. Wiki ya pili nyimbo zikajikokota. Wiki ya tatu zikawa kama watu wanaopandisha kabati ghorofani, hatua moja, pumzika, hatua moja, pumzika. Na mashati nayo yakapungua kwenye meza ya pasi.

Jumanne msimamizi wao alimjia Mama Kola. Alikuwa kijana mpole, mwenye haya ya kuwakaripia wanawake walio sawa na mama yake. Alizunguka sana. Alizisifu kola, akauliza hali ya magoti, akasema jua la leo kali, mwisho akalitoa lililomkaa kooni. Oda ya shule ilitakiwa Ijumaa. Tajiri amesema isipotimia ataondoa cherehani moja pamoja na anayeikalia. Msimamizi hakutaja ipi. Aliitazama ya tatu, kisha akatazama viatu vyake.

"Mama, mzee yule anatuchelewesha," alisema. "Wewe ndiye mkubwa wetu humu. Ongea naye ahame. Mimi nikimfukuza nitaonekana sikufunzwa kwetu."

Adhuhuri, wenzake walipofungua vyakula vyao, Mama Kola alishika ukuta na kuteremka ngazi. Alikuwa ameyapanga maneno, lakini yalimtoka yote kwenye salamu. Alimwamkia yule mzee shikamoo, mzee akakataa kuipokea, akasema yeye ndiye mdogo, yeye ndiye wa kuamkia. Wakabishana. Mzee akataja mwaka alioanza kunyoa ndevu. Mama Kola akataja mwaka aliomzaa kifungua mimba wake. Mzee akamwangalia vizuri na kusema kwamba chumvi waliyokula inalingana, basi shikamoo hiyo waikate vipande viwili, kila mtu achukue chake. Akamsogezea kreti la pili.

Mama Kola aliketi na kushusha pumzi ndefu. Kumbe kukaa mahali pasipo na pedali ni kutamu hivi.

Mzee Kinanda alisema huwa anawasikia kutoka dirishani wakitegeana vitendawili saa za chakula, na kwamba kuna mama mmoja huko juu hashindiki. Mama Kola akasema ndiye yeye. Mzee akafurahi kama mtoto aliyepata wa kucheza naye, akatega hapohapo: anaye mnyama asiyekula wala kunywa, lakini akimkumbatia tu analia. Mama Kola hakujisumbua hata kujibu. Alikinyooshea kidole kinanda. Mzee akacheka, akasema sasa ni zamu yake mama, lakini wacheze kwa haki, atakayeshindwa atoe mji.

Kila aliyelelewa na vitendawili analijua sharti hilo: ukishindwa, unampa mwenzako mji, naye akiridhika nao ndipo anakupa jibu. Huko juu Mama Kola alikuwa ameshapewa miji mikubwa yenye bandari na viwanja vya ndege, na bado jioni alirudi nyumbani kwa miguu.

"Ila mimi miji yangu imekwisha," mzee alisema. "Nimebaki na mmoja tu, kona hii."

Mama Kola alikuwa hajui aanzie wapi kumfukuza mtu, na sasa mtu mwenyewe anamfungulia mlango. Akakitoa kitendawili chake cha zamani, ambacho huko juu hakuna aliyewahi kukifumbua.

"Wawili, wanatembea kutwa nzima, jioni unawakuta palepale."

Mzee alifumba macho, akaguna, akajikuna kidevu.

"Mishale ya saa," akasema.

Mama Kola hakuwa amewahi kuifikiria saa. Nalo lilikuwa jibu zuri, halina kasoro. Siku nyingine angempigia makofi. Lakini akilini alimwona yule msimamizi kijana akitazama viatu vyake.

"Siyo," alisema.

Mzee akajaribu milango miwili ya duka, ikakataliwa kwa haki. Akajaribu punda wa kinu, ikabidi acheke mwenyewe, maana punda alikuwa mmoja. Akainua mikono na kusema haya, mji ni wako. Ndipo Mama Kola akamwambia kwamba ni miguu ya mshonaji. Mzee akacheka tena. Kisha akaiona ile miguu yenyewe, imevimba na kufutuka pembeni mwa kandambili, akaacha kucheka.

Akaanza kufunga mkanda wa kinanda chake. Mama Kola akamuuliza anakwenda wapi. Mzee akasema mama mwenye magoti kama yale hateremki ngazi zile kuja kucheza. Amekwisha kuhamishwa kwenye duka la dawa, kwenye tanuri la mikate, mbele ya benki, na kila mahali hutumwa mtu mmoja mwenye adabu. Zamani alikuwa akikasirika. Siku hizi hata hasira inataka nguvu, naye zake anaziweka za kubebea kinanda. Alisema hayo taratibu, bila kinyongo, kama mtu anayekunja nguo zilizokauka.

"Kitu kimoja nitakikosa," alisema. "Ile cherehani yenu inayolia. Kwi, kwi."

Akamweleza. Miaka thelathini alipiga kinanda kwenye harusi za watu, na mkewe kando yake na ngoma ndogo. Watu walimsifia yeye, lakini aliyeshika mwendo ni mama watoto. Yeye alikuwa anafuata tu. Mkewe alipofariki, ndipo alipogundua kwamba peke yake hawezi; akianza wimbo unakimbia, unajikwaa, unapotea njiani. Alitembea mitaa na mitaa mpaka alipopita chini ya dirisha hili na kusikia mlio unaokwenda sawasawa, kwi, kwi, kwi. Akashusha kreti.

"Mtu hawezi kupiga muziki hewani, dada. Lazima awepo wa kumfuata. Ila siku hizi imepunguza mwendo, nami nimepunguza. Nikasema labda kazi zimekuwa nyepesi."

Cherehani zote nane zilikuwa na pedali, lakini iliyolia ni moja, ile ya tatu. Ilikuwa hailii zamani. Mume wa Mama Kola alikuwa fundi wa baiskeli, na kila mwisho wa mwezi alipanda zile ngazi na kikopo cha mafuta, akapiga magoti chini ya meza na kuitia matone mawili, huku wanawake wakimtania kwamba amekuja kuchunguza miguu ya mkewe. Tangu afe hakuna aliyekumbuka mafuta. Hata yeye mwenyewe hakukumbuka. Aliusikia ule mlio kila siku, na hakuwahi kujiuliza umetoka wapi.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Wanawake saba walimfuata mzee, mzee aliufuata mlio, na mlio uliyafuata magoti ya mjane mmoja aliyechoka. Kila mmoja alimngoja mwenzake kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe, na oda ya watu inalala mezani.

Angeweza kunyamaza. Mji alikuwa ameshaushinda, na mzee alikuwa ameshasimama, kinanda mgongoni. Juu wangemshukuru. Lakini alijua kesho itakuwaje: saba watakimbia, na kola zitarundikana dirishani mpaka zimfiche. Na huyu mzee atakuwa anazunguka mahali fulani, akitafuta mlio.

"Kaa chini, mzee," alisema. "Ile cherehani ni yangu. Na saa ilikuwa jibu sahihi. Nilikunyang'anya mji wako."

Mzee Kinanda alikaa. Hakumlaumu. Alimtazama miguu, kisha dirisha, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama inauma sana. Mama Kola akasema inauma. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mtu, maana hata kwa binti yake alisema inachoka tu. Wakakaa hivyo mpaka kengele ya kazi ilipolia juu, wazee wawili juu ya makreti ya soda.

Kupanda ngazi kulimchukua muda. Alisimama mara mbili, na safari hii hakufungua mkoba. Alimwambia msimamizi kwamba mzee hahami, kwa sababu mzee si tatizo. Kisha akamwambia yeye mwenyewe atanyanyuka kwenye cherehani ya tatu. Yule binti wa mifuko, aliyeolewa juzijuzi na ambaye miguu yake haitulii hata anapokula, aje akae pale dirishani ashone kola. Mifuko wagawane wa mikono na wa matundu. Cherehani ya mifuko, ile ya mlangoni, ibaki tupu, tajiri akiitaka aichukue. Na vifungo, ambavyo kila mtu huvishona kwa mkono jioni akiwa hoi, yeye atavishona vyote mchana, kwenye kigoda.

Kijana alitaka kusema ujira wa vifungo ni mdogo. Mama Kola akamwambia anajua.

Akamketisha binti dirishani, akamwonyesha namna ya kugeuza ncha ya kola isivimbe. Binti alikanyaga pedali mara tatu, akakunja uso kwa ule mlio, akauliza mafuta yako wapi.

"Usiitie mafuta," Mama Kola alisema. "Iache ilie."

Kwi, kwi, kwi, haraka, kama kuku aliyeona mahindi. Chini kodiani ilisita, ikakohoa, ikatafuta, kisha ikaudaka ule mlio na kuondoka nao. Ulikuwa wimbo wa harusi. Wanawake wakatazamana, na miguu yao ikakimbia kuufuata.

Ijumaa alasiri shati la mwisho lilifika kwenye kigoda. Mama Kola alitia uzi kwenye sindano, akakosa tundu mara mbili, ya tatu akapata. Miguu yake ilikuwa imelala sakafuni, wa kushoto na wa kulia, haina pa kwenda. Sauti ya kinanda ilipopanda, mguu wa kulia ukaanza kukanyaga wenyewe pale chini pasipo na pedali. Aliutazama kidogo. Hakuukataza. Akashona kifungo cha shingoni, akakata uzi kwa meno.