Gogo la Nyuma ya Jiko

Mlinzi wa msitu aliuona uyoga wa samawati mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye gogo bovu kando ya kijito. Alipowasimulia wenzake, walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambandika jina la Bwana Uyoga. Jina hilo hakulipenda hata chembe.

Sasa zimebaki wiki tatu astaafu, na barua zake zimemleta mtaalamu wa uyoga kutoka chuo kikuu. Mgeni huyo asipouona uyoga wenyewe, mzee wa watu ataondoka kazini akiwa mzushi.

Kwa kumheshimu mgeni, alikuwa ameusafisha msitu. Ndiyo, msitu! Alifyeka, akafagia majani kama mtu anayefagia sebule, na kila kilichooza akakiondoa.

Mtaalamu, binti mwenye buti za mpira na kioo cha kukuzia shingoni, alisimama kando ya kijito akatazama ardhi tupu.

"Mzee, gogo liko wapi?"

"Lilikuwa limeoza, daktari. Nikalitoa."

"Jamani! Uyoga huu hauoti popote ila kwenye gogo lililooza."

Aibu ikampanda mzee mpaka masikioni.

"Ulilitupa?"

"Mke wangu alitaka kitu cha kuanikia masufuria. Nililivuta mpaka nyumbani."

Binti alishageuka zamani, anakimbia.

Nyumbani, mke wa mzee alikuwa anapakua chakula. "Mbona mnahema hivyo? Kuna msiba?"

"Gogo!" mumewe akasema.

"Hilo jipu lenu? Liko nyuma ya jiko. Kila siku nalimwagia maji ya vyombo, na kila asubuhi linanichafulia masufuria kwa vitu vya buluu. Nang'oa, natupa. Leo sikupata nafasi, nilikuwa nampikia mgeni."

Walizunguka jiko. Chini ya sufuria kubwa, vichwa saba vya samawati vilikuwa vimechomoza, vidogo kama vifungo vya shati. Binti alipiga magoti kwenye matope bila kujali suruali yake. Mzee aliinama akavihesabu mara mbili, akitabasamu.

"Pole, mume wangu," mkewe alinong'ona. "Nimeng'oa mwingi."

"Umeumwagilia, mama. Mimi ndiye niliyeufagia."

Mtaalamu alitoa fomu. Mahali ulipopatikana akaandika kijito, halafu, akicheka, akaongeza jiko.

"Na aliyeuona kwanza? Nipe jina lako, mzee."

Mzee alijikung'uta vumbi, akasimama wima.

"Andika Bwana Uyoga."