Tumbo la Sponji

Fundi cherehani huyu alishashona kila kitu cha kumsitiri mwanamke, lakini tumbo la mimba alikuwa hajalishona hadi alipokuja yule mteja mpole. Mayai yake yalikuwa mazima, kizazi ndicho kilichogoma. Hospitali wakachukua yai lake na mbegu za mumewe, mimba wakaipandikiza kwa mwanamke mwingine awabebee. Jambo la heri kabisa, ila mama mkwe alikuwa na ulimi mkali, na kwake yeye mama ni yule aliyeonekana na tumbo. Basi tumbo likatafutwa.

Fundi alilishona kwa sponji na kitambaa cha rangi ya ngozi, kamba zikafungwa mgongoni. Kila mwezi alilifumua akaongeza sponji, na chini akatia kimfuko cha mchanga ili mteja atembee kijamzito. Kazi ilimpendeza, asikudanganye mtu. Watu wakaanza kumpisha mteja kwenye foleni, na mama mkwe akawa anamnyang'anya ndoo ya maji.

Siku moja mteja alikuja kuongezewa sponji. Fundi akafunga mlango, akapitisha futi kiunoni mwake.

"Mwenzio anayetubebea hajambo?"

"Mimba imetoka," mteja akasema. "Wiki iliyopita."

Futi ikamponyoka fundi. "Pole, mdogo wangu. Pole sana. Mumeo anajua?"

"Anajua. Anataka nivue, tumwambie mama imeharibika. Wewe niongezee tu."

"Niongeze nini, na mtoto hayupo?"

"Nikivua, mama ataniangalia vile alivyokuwa akiniangalia zamani. Halafu dada, huyu anacheza. Ananipiga teke hapa."

Akauchukua mkono wa fundi, akaukandamiza tumboni. Kilichomo ndani fundi alikijua, alikijaza mwenyewe. Hata hivyo mkono wake ulibaki pale ukingoja, na hilo ndilo lililomtisha.

"Siongezi hata uzi," akasema, akiuondoa mkono. "Nililishona mimi, nitalifumua mimi. Keti."

Mteja hakubisha. Aliketi, akapandisha gauni, akalikumbatia tumbo kwa mikono miwili. Fundi akainama na mkasi.

"Polepole, dada," mteja akanong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."