Kufuli la Mpimaji Maji

Mama Chapa alikuwa dukani kwake anabana kurasa za ripoti ya mteja wakati mumewe alipoingia, akasogeza stepla pembeni na kuweka flashi mezani. Mume alikuwa mpimaji wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kukinga maji ya tangi la mtaa kwenye vichupa, kuyapima, na kuandika kilichomo. Vipimo vya safari hii meneja alimwambia avifute. Yeye alivifunga kwa nenosiri, akatoka navyo mfukoni.

"Nichapie nakala," alisema. "Jumamosi kuna mkutano wa mtaa."

"Ofisini kwenu salamu zimekwisha?"

"Habari za tangu asubuhi, mke wangu. Nichapie."

Mama Chapa alichomeka flashi. Kompyuta ya ofisini kwa mume ilikuwa ya mfumo mmoja na ya dukani ilikuwa ya mfumo mwingine, ule ambao mafundi huuweka bure. Iliitazama flashi kwa muda, kisha ikaandika kwamba kitu hiki haikijui, je, ikifute chote ili kianze upya? Chini yake kulikuwa na Ndiyo na Hapana.

"Usiguse Ndiyo," alisema mume. "Ukiigusa tumekwisha. Nenosiri lake ni..." Akakohoa. "Ka saba eks mbili."

"Hilo ndilo nenosiri?"

Mume alitikisa kichwa kukataa. "Ka saba eks mbili," alirudia, akinyoosha kidole kwenye bomba lililokuwa nje ya mlango. Akaendelea hivyo, herufi na tarakimu, kwa sauti yake ileile ya kila siku. Alipoona mke haelewi, alichukua kalamu akaandika. Alichoandika nacho kilikuwa vilevile.

Mama Chapa alibonyeza Hapana, akazima mashine, wakaenda kula.

Daktari alisema koo ni zima. Siku iliyofuata meneja alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamsikiliza mpimaji kwa utulivu kama mtu aliye kwenye mahubiri.

"Usijali, shemeji," alimwambia Mama Chapa. "Aje tu kazini. Mikono yake haina tatizo, na kusema kweli hivi alivyo tunaelewana zaidi."

Alipoletewa glasi ya maji alisema amefunga. Garini alifungua chupa yake mwenyewe, akanywa nusu kabla hajawasha injini.

Mama Chapa aliona. Na jambo lililomkaa rohoni halikuwa koo la mumewe, lilikuwa Bonge. Bonge alikuwa mtoto wa jirani aliyepanga chumba cha pili, wakichota wote bomba moja. Aliitwa hivyo kwa unene, lakini unene ulishaondoka likabaki jina. Alishapita miaka miwili na hajatamka neno. Alishinda chini ya meza ya kuchapia, na mpimaji alikuwa na tabia ya kumfunua mdomo na kumtazama fizi. Fizi zilikuwa na mstari mweusi. Mama Chapa alitaka kujua mtoto yule ananywa nini.

Akamwita fundi wa kompyuta.

"Kufuli halina ubaya," alisema fundi. "Ila limetengenezwa kwa milango ya nyumba yao. Hapa kwako hata bawaba hakuna. Nitakuwekea programu inayoyajua makufuli ya kwao. Nenosiri utalitafuta mwenyewe."

Aliweka programu, kidirisha kikatokea, na fundi akainua macho kutazama dari, kama wanavyofanya mafundi wenye adabu mtu anapochapa nenosiri lake. Mama Chapa alijaribu majina ya watoto wao, ambao walishaoa na kuhama. Akajaribu tarehe ya ndoa. Akajaribu timu ya mpira. Fundi alikuwa bado anatazama dari, shingo inamuuma. Mpimaji alipita na vichupa vyake kwenda bombani, akaacha mlango wa nyumba wazi kama kawaida yake.

"Umefunga mlango?" Mama Chapa aliuliza bila kufikiri, kama alivyouliza kila asubuhi tangu waoane.

Mpimaji alisimama, akageuka, akacheka kwa herufi tatu.

Mama Chapa alichapa: umefungamlango. Faili likafunguka.

Yalikuwa majina ya mabomba ya mtaa, na mbele ya kila bomba kiasi cha risasi, yale madini, kilichokuwa ndani ya maji. Mbele ya bomba lao kilikuwa kiasi ambacho mtoto hatakiwi kukinywa hata robo yake. Nyuma yake mume alisema, "Ka saba eks mbili," na yeye akasikia: risasi. Tangu hapo alimwelewa kila kitu, hata lawama kuhusu mboga ya jana.

Fundi aliposhusha macho aliona kwenye kioo herufi za ovyo tu. Nakala zilizochapwa nazo zilikuwa ovyo kwa kila aliyezishika. Aliyechapa neno kwa vidole vyake mwenyewe ndiye pekee aliyeweza kusoma. Fundi alisema mashine nyingine ndivyo zilivyo, akachukua begi lake.

Jumamosi watu wazima walijibana kwenye madawati ya shule. Mpimaji alisimama akasema, mkewe akatafsiri.

"Anasema kwenye maji ya tangi kuna risasi."

"Risasi?" Meneja aliinua nyusi. "Kwani tangi limepigwa bunduki?"

Darasa zima lilicheka. Mtu wa nyuma alisema sasa ameelewa kwa nini bomba lake hulia pu pu pu.

"Risasi ya madini," alisema Mama Chapa. "Haionekani. Inakaa kwenye mifupa ya watoto na kwenye akili zao."

"Huyu mama anamwelewa mzee peke yake," alisema muuza mkaa. "Mimi nina miaka kumi na wangu na bado namkisia."

Wakacheka tena. Meneja aliuliza, kwa upole, ni nani atakayethibitisha tafsiri.

"Kila mmoja ajithibitishie. Neno ni umefungamlango. Njooni dukani mchape wenyewe, msome wenyewe. Silipishi."

Hapo hakuna aliyecheka. Watu walitazama viatu vyao. Mwenyekiti alishukuru, akaingia kwenye ajenda ya taka.

Aliyekuja alikuwa jirani peke yake. Alikaa mbele ya kompyuta, Bonge akiwa chini ya meza. Alichapa kidole kwa kidole mpaka umefungamla, akasimama.

"Dada, nikishasoma, nitampa maji gani?"

"Sijui."

"Mimi nachemsha kila siku."

"Kuchemsha hakuitoi."

"Wewe unakunywa nini?"

Mama Chapa alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Hayohayo."

Jirani alifuta herufi moja moja mpaka kidirisha kikawa kitupu.

Mpimaji alikuwa mlangoni na kichupa mkononi. Bonge alitambaa kutoka chini ya meza, akasimama akishika mguu wa kiti, akanyoosha kidole kwenye bomba.

"Ka saba eks mbili," alisema, kwa sauti safi isiyo na kitembe.

"Ameongea!" Jirani aliruka. "Dada, umemsikia? Mwanangu ameongea!"

Mpimaji alichuchumaa, akamjibu mtoto kwa herufi na tarakimu nyingi, polepole. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akajibu. Mama Chapa aliyaelewa yote waliyoambiana, akatazama pembeni.

"Dada, amesema nini?"

Mama Chapa alimtazama jirani, uso wake ulivyokuwa unang'aa.

"Amesema maji."

"Maji!" Jirani alicheka huku machozi yanamtoka. "Mwanangu ana kiu, jamani!" Akachukua kikombe juu ya kabati, akatoka mbio, akafungua bomba, akakijaza mpaka juu.

Bonge alikishika kwa mikono miwili, akanywa yote. Mpimaji alisubiri amalize, kisha akakinga kichupa chake bombani.