Spika za Mama

Mama hakubishana na Salumu juu ya bodi wala memori. Alichong'ang'ania yeye ni spika. Alisema ziwe nzuri, kama vile hivyo vingine vyote ni mapambo.

Salumu ni fundi wa kompyuta jirani na stendi ya Mbinga. Juu ya meza yake ilikuwa kompyuta ya kaka yangu Wendelin, aliyekuwa mwalimu Kigonsera. Aliinunua mtumba mwaka ule wanunuzi binafsi walipogombea kahawa yetu hadi bei ikapanda. Kila likizo alijirekodi humo akiimba sehemu yake ya kwaya, asikilize alipokosea. Alikuwa na sauti, nisiseme uongo. Homa ilipomchukua, hatukuwa na kaseti yake hata moja. Sauti ilibaki humo tu.

Kwa miaka Mama hakuruhusu mtu aiguse. Baba mdogo Nathanieli alipendekeza iuzwe, akajibiwa kwa namna ambayo hajarudia tena. Mwaka jana, baada ya kuuza kahawa, Mama akasema sasa anaweza kumsikia. Tukaiwasha, haikuwaka.

Salumu alipofungua kasha la kompyuta, masizi yalimwagika mezani. Alipiga brashi, akapima, akasema pawa saplai imekufa, bodi imekufa, memori nayo hivyo hivyo. Vya mtumba anavyo, kutoka Dar. Hela yetu ilikuwa ya msimu mbaya, kwa hiyo nikaanza kubana: bodi ya zamani, memori ndogo, skrini ile ile, kipanya kile kile chenye waya uliozungushiwa plasta. Kwenye spika nikachagua zile ndogo za plastiki. Mama akazirudisha kwenye rafu kwa mkono wake. Ikabidi memori ipunguzwe tena ili spika ziwe kubwa. Nilikasirika, lakini ningemwambia nini?

Diski yenyewe haibadilishwi, Mama alisema, maana ndimo alimo mwanawe. Hata kuijaribu kwenye mashine ya mtu mwingine alikataa. Salumu akafunga kila kitu, ndipo akaichomeka diski.

Skrini ikawaka. Mama akafunga upya khanga yake, akakaa sawasawa kama anayesubiri misa ianze. Diski ikagonga. Ikanyamaza, ikagonga tena. Salumu akazima haraka.

"Shikamoo tena, Mama," alisema, kama aliyekosa pa kuanzia. "Hii mlikuwa mmeitunza wapi?"

"Uchagani jikoni, juu ya mafiga," Mama akajibu, na alijibu kwa fahari. "Pamoja na mbegu za mahindi."

Kwetu huku kwenye baridi na ukungu, kitu cha thamani hupandishwa kwenye moshi. Huko hakioti kuvu, wala fukusi hawakifikii. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi ndiye niliyemshikia Mama ngazi. Nilimkazia Salumu macho adanganye. Hakudanganya. Alisema taratibu kwamba joto na moshi vimeiua, na kwamba hata ikipelekwa Dar hawezi kuahidi kuwa sauti itapatikana.

Mama aliipapasa ile diski kwa vidole.

"Mimi sikutaka aoze," alisema.

Spika alizilipia hata hivyo. Salumu alitaka kuzirudisha rafuni, Mama akazibeba mwenyewe hadi nyumbani, akaziweka chumbani kwa Wendelin. Niliumia sana kuziona pale, na hadi leo naumia.

Tulipovuna mahindi, sikumwona akipandisha mbegu uchagani. Alizitia kwenye debe, akaliweka chumbani mle mle, kando ya spika, mbali na moshi. Nilitaka kumkumbusha, nikashindwa. Mvua za kwanza zilipoanza alifunua debe, akakuta fukusi wamebakiza unga. Alinikabidhi lile debe.

"Kamwage, Luisa. Siku hizi sijui tena kutunza kitu."

Nikaenda kumwaga.